Ng'ombe wa Wodi ya Watoto

28 Novemba
Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana. Sista Kalilombe, mkuu wa wodi ya watoto, alisimama mlangoni akaitazama kama mtu anayemwona mgeni mlafi akifungua lango. Alisema mbu wakishakomaa na malaria ikianza, hata vitanda havitatutosha. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa kwake juzi kutoka wodi ya wazazi. Nimeamua kuandika kila inapobidi, kwa sababu wodini hakuna mtu wa kumlalamikia.

1 Desemba
Mvua. Mchana nsima, ugali wa huku, na usipa, dagaa wa ziwani. Jioni usipa na nsima.

8 Desemba
Leo nimetambulishwa kwa Ng'ombe. Ni mfuko wa maji ya chumvi, haya ya dripu, unaotundikwa kwenye msumari juu ya meza ya dawa, karibu na dirisha. Kwenye kizibo chake cha mpira imechomekwa sindano moja ambayo haitolewi. Ukitaka kuyeyusha dawa ya unga, au kusukuma maji kidogo kwenye kanula, kile kimrija cha mshipani mwa mtoto, isizibe, unakwenda na bomba lako la sindano, unalipachika pale na kuvuta kiasi chako. Unakamua, ndiyo lugha ya hapa. Ng'ombe mpya hutundikwa kila Jumatatu asubuhi na hukamuliwa wiki nzima.

Nilimuuliza Sista kwa nini tusitumie vile vichupa vidogo vya maji ya sindano, maana nimeviona stoo, maboksi kwa maboksi. Alinitazama kwa huruma. Akanisimulia mwaka ambao vichupa viliisha nchi nzima, madaraja yakachukuliwa na maji, na yeye akabaki na mifuko michache tu. Aliigawa kwa watoto wote, tone kwa tone, na wengi walirudi kwao kwa miguu yao. Vichupa vya stoo ni akiba ya siku kama zile. Chuoni nilifundishwa kichupa kimoja, mtoto mmoja, kisha unatupa. Lakini walimu wangu hawakuwahi kuishiwa kitu, na nilimwonea fahari mama huyu.

25 Desemba
Kwaya ya akina mama wa kanisa imekuja kuwaimbia wagonjwa. Wali na kuku. Wameruhusiwa watoto wawili, wameingia watano.

7 Januari
Wawili wawili kitandani sasa, na wengine chini kwenye mikeka. Nimemwona Sista akipata mshipa kwa mtoto aliyekaukiwa maji mwilini mpaka sote tulikuwa tumekata tamaa. Alimpapasa mguu macho yakiwa yameangalia kwingine, akachoma mara moja, damu ikaja. Kisha akamfokea mama yake kwa kuchelewa kumleta, akamfokea mpaka mama akalia, halafu akampa uji wake mwenyewe. Ndivyo alivyo. Nikiwa na mtoto, na akaugua, nitamleta kwake.

15 Januari
Walezi wa wodi hii wana desturi iliyonichekesha leo. Huku kila mtoto hulala na mlezi wake, mama au bibi, anayempikia na kumwogesha, kwa hiyo wodi ni yao kuliko yetu. Sindano za asubuhi zinapokaribia wanatoa mablanketi, vitenge na masweta na kuwafunika watoto mpaka kidevuni, na jua la katikati ya mvua linachoma. Nikawauliza kama wanapika watoto. Mama mmoja akaniambia, "Dokta, wewe choma sindano yako, baridi tuachie sisi." Wodi nzima ikacheka.

Na kweli, baada ya muda mfupi mwanawe akaanza kutetemeka, meno yakigongana. Kisha homa ikapanda, kisha ikapoa, akaomba maji. Mbewe, tabibu wetu, akasema malaria ndivyo ilivyo. Sista akasema dawa kali ndivyo zilivyo. Mlezi mpya akifika, wa zamani humwonyesha choo kilipo, jiko lilipo, na humwambia sindano ya asubuhi ina baridi, mfunike mtoto mapema.

19 Januari
Jumatatu. Hakuna aliyetetemeka. Watoto wametoka jasho la bure.

22 Januari
Wametetemeka wengi. Mmoja alipata degedege. Mvua haijakoma tangu jana.

26 Januari
Jumatatu tena, kimya tena. Nilipokuwa nikipangusa meza nilisimama nikamtazama Ng'ombe mpya, mnono, maji yake meupe. Nimeanza kumwangalia kwa jicho baya.

30 Januari
Jana nilimwambia Sista. Nilichagua vibaya pa kumwambia, mbele ya walezi na Mbewe, maana nilikuwa nimetoka kumshika mtoto mwingine akitetemeka na hasira ilikuwa inanisukuma.

"Jumatatu hawatetemeki, sista. Alhamisi wanatetemeka. Dawa ni ileile. Kinachozeeka ni maji."

"Maji ya chumvi yanazeeka? Mbona samaki tunawatia chumvi wasioze?"

"Hiyo chumvi ni kidogo, kama ya machozi. Haizuii kitu. Na sindano inakaa wazi mle wiki nzima, kila mtu anapachika bomba lake, joto lote hili."

"Mwanangu, nimemkamua ng'ombe huyu tangu wewe unanyonya. Siku ukimaliza kunyonya, njoo tuzungumze."

Wodi ikacheka. Nami nikacheka, kwa uoga. Jioni nilipokuwa peke yangu kwenye zamu nilichukua vichupa vya stoo bila kumwambia mtu, na leo asubuhi Sista akayahesabu maboksi yake na kuchukua ufunguo wa stoo.

6 Februari
Ameingia Takondwa, msichana wa miaka minne, amepoteza fahamu. Ameletwa na bibi yake mzaa mama, Nabanda, aliyembeba mgongoni kutoka ng'ambo ya mto kwa sababu baiskeli hazipiti. Mama wa mtoto yuko nyumbani na kichanga. Malaria kali, na Mbewe anahofia pia homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo anapata dawa za yote mawili.

8 Februari
Takondwa amefumbua macho. Kitu cha kwanza alichouliza ni viatu vyake viko wapi. Hana viatu, hajawahi kuwa navyo, lakini amekasirika kwamba tumevipoteza. Nabanda alicheka mpaka akakaa chini.

11 Februari
Takondwa amemaliza uji wa karanga na kuomba wa jirani. Sindano ya mwisho kesho, Ijumaa aende nyumbani. Nabanda ameshafua vitenge vyote. Ananiita mkwe wa mjukuu wake kwa sababu, anasema, namwangalia mtoto kama mtu anayemtafutia mwanawe mke.

12 Februari
Naandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi alikuja Jailosi, baba yake Takondwa, kuwachukua kesho. Mtoto alimpandia magotini. Sindano zilipokaribia, Nabanda alimtoa magotini kwa baba yake, akamlaza, akamfunika blanketi na kitenge juu yake. Jailosi akauliza, akiwa amelielekea dirisha, maana huku mwanamume hamkodolei macho mama mkwe wake, kwamba mtoto anafunikwa kwa nini na hali ni mzima. Nabanda akajibu, "Baridi inakuja. Utaona." Niliwasikia vizuri. Nilikuwa nimesimama pale na trei.

Dawa aliikamua Sista. Niliisukuma mimi.

Sikuwa nimefika mbali na trei yangu Takondwa alipoanza kutetemeka. Safari hii haikupoa. Mikono na miguu ikawa ya baridi na tumbo likawa moto, mapigo yakawa membamba, yakapotea chini ya kidole changu, yakarudi. Tulifungua mfuko mpya wa dripu, tukamwekea oksijeni, Mbewe akabadilisha dawa. Sista hakuondoka kitandani. Jioni mtoto hakumjua tena bibi yake.

13 Februari
Takondwa amefariki leo mchana.

Jailosi hakulia. Alisimama, akamtazama mama mkwe wake usoni mbele ya watu wote, jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa, akamuuliza, "Mama, ulijuaje?"

Nabanda hakuelewa. Akasema, "Nilijua nini?"

"Kwamba baridi inakuja. Mtoto alikuwa anacheza. Ukamfunika, ukaniambia utaona. Ulijuaje?"

"Wote tunajua," Nabanda akasema, na akageuka kuwatazama walezi wenzake, wale aliokuwa akipika nao na kucheka nao. Walikuwa wameinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na mtoto kitandani na hakuna aliyetaka neno hilo limwangukie. Nami nilikuwepo, na sikusema kitu. Nilikuwa namfunga mtoto kitenge cha mwisho na nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya ukoo.

Walipoondoka nilikwenda kumshusha Ng'ombe. Nilikuwa nimeshamfikisha kwenye sinki Mbewe aliponishika mkono, akasema nisimwage, tumfunge tumweke kwenye friji, atapelekwa maabara mjini. Sista alikuwa mlangoni.

"Unasema nimemuua?" akaniuliza.

"Nasema tusimtundike mwingine, sista."

Alinitupia ufunguo wa stoo, ukaanguka sakafuni, akaenda zake.

16 Februari
Sista amechukua likizo. Msumari uko mtupu. Nafanya kama nilivyofundishwa. Kunawa mikono, kufuta meza, kichupa kimoja kwa mtoto mmoja, kufuta kizibo cha mpira cha chupa ya dawa kwa spiriti na kungoja ukauke, sindano mpya, bomba jipya, kuandika jina la mtoto kwenye bomba kabla ya kuliweka chini, kinachobaki kutupwa. Mikono inauma na zamu haiishi. Walezi wananiita Madalo Polepole.

20 Februari
Alhamisi imepita na Ijumaa imepita. Hakuna aliyetetemeka. Wanaendelea kufunika watoto.

24 Februari
Sista amerudi. Alisimama mbele ya meza ya dawa muda mrefu, kisha akanawa, akachukua kichupa, akafuta, akangoja, akavuta, akaandika jina. Hakukosea hata hatua moja.

2 Machi
Majibu yamerudi. Maji yale yalikuwa yamejaa vijidudu, wale wale wanaoishi kwenye masinki na mikono. Mkurugenzi wa hospitali alituita ofisini, Sista, Mbewe na mimi. Akasema kosa limeonekana, limerekebishwa, na jambo hili ni la ndani. Watu wakilisikia hawataleta watoto tena, watawapeleka kwa waganga, na watakufa wengi zaidi. Kusema kweli nilitoka pale nimepumua.

5 Machi
Ameingia mama mmoja na mtoto kutoka kijiji cha Nabanda. Nilimwuliza habari za bibi nikitegemea salamu. Akashusha sauti. Ndugu za Jailosi wamesema Nabanda ni mchawi, kwamba alimwitia mjukuu baridi kwa mdomo wake na Jailosi alisikia. Wameezua paa la nyumba yake. Analala kwenye jiko la kanisa. Jumamosi ya wiki ijayo chifu atasikiliza kesi. Mwaka juzi bibi mwingine wa upande ule alikutwa na hatia ya namna hiyo na hakuifikia Jumapili. Mama huyo alinisimulia yote hayo huku akimtolea mwanawe blanketi.

6 Machi
Nimemwendea Sista. Alikuwa anakata vitambaa vya kufungia vidonda na hakuacha mkasi. Nilimweleza yote. Akauliza swali moja tu, kama Jailosi ndiye aliyesikia maneno yale, nikasema na mimi pia niliyasikia.

"Nenda kafanye kazi, Madalo."

"Watamuua, sista."

"Nimesikia. Nenda kafanye kazi."

Ni mwoga. Nimekaa naye msimu mzima nikidhani ukali wake ni ushujaa, kumbe ni mwoga kama watu wengine, na anapenda jina lake kuliko roho ya mtu. Naandika hivi na sitafuta. Nimeamua nitakwenda mwenyewe, ingawa mkurugenzi ameshasema anayetaka kuhubiri nje ahubiri na barua yake ya kuacha kazi mkononi.

9 Machi
Mvua zinapungua. Mahindi mabichi sokoni. Sina hamu.

14 Machi
Nilipotoka nyumbani leo asubuhi nilimkuta Sista Kalilombe amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Alikuwa amevaa sare nyeupe kamili, kofia na viatu vyeupe, na njia yote ni matope. Sikujua amekaa pale tangu saa ngapi. Akasema, "Wewe utanyamaza. Ukisema wewe, watasema ni mtoto anamsingizia mkubwa wake. Twende." Nilitaka kumwomba radhi kwa nilichoandika ambacho hajakisoma, lakini alikuwa ameshatangulia.

Tulipanda baiskeli mpaka mtoni, tukavuka kwa miguu. Kesi ilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, na mvua ikaanza kupiga mabati hivi kwamba watu walisema kwa kupayuka. Nabanda alikaa sakafuni mbele, peke yake. Amekonda. Jailosi alikuwa upande wa pili na kaka zake, na sikuona chuki usoni mwake, nilimwona mtu ambaye hajalala.

Chifu alimpa Sista nafasi kwa heshima ya sare. Aliongea kwa sauti ileile ya kufokea akina mama.

"Nani hapa amewahi kulala na mtoto wodini kwangu?"

Mikono michache ikainuka, kisha mingi.

"Mlikuwa mkiwafunika watoto kabla ya sindano ya asubuhi?"

Walitazamana.

"Nawauliza. Mlifunika au hamkufunika?"

Mwanamke mmoja akasema walifunika. Mwingine akasema ndiyo, walifunika wote, baridi ilikuwa inakuja kila asubuhi, kila mtu alijua.

"Basi wote ni wachawi," Sista akasema. "Au hakuna mchawi." Akangoja mpaka minong'ono ikaisha. "Mkiweka mtungi mmoja nje, kila mpita njia achovye kata yake, mkauacha wiki nzima kwenye joto, mtayanywa maji yale? Mimi nilikuwa na mtungi wa namna hiyo. Na sikuwanywesha watoto wenu mdomoni, niliyatia ndani ya damu yao. Huyu binti aliniambia, nikamcheka. Yamepimwa mjini, yakaonekana machafu. Baridi iliyomuua Takondwa ilitoka kwangu. Jailosi, mama mkwe wako alimfunika mwanao kwa sababu alimpenda. Mwenye kuulizwa ni mimi."

Sijui nilitegemea nini. Kaka mmoja wa Jailosi alisimama akiwa amekunja ngumi, na Jailosi akamvuta shati akakaa. Chifu alisema kesi imekwisha, paa lirudishwe, na jambo la hospitali litakuwa na siku yake. Jailosi alikwenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe wake, uso ameuelekeza ukutani kama inavyotakiwa, akilia sasa.

Nabanda alikuwa anamtazama Sista.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine gani, Nabanda?"

"Mtungi huo umeuweka miaka yote. Na kila mwaka kuna waliofunikwa wasiamke. Mlituambia ni malaria. Hao wengine je?"

Nilimwona Sista akifungua mdomo, na nilijua angeweza kusema kwamba wengi kweli walikuwa na malaria, ambalo ni kweli, na kwamba hakuna anayeweza kujua sasa, ambalo pia ni kweli. Hakusema hayo. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu, akavua kofia yake. Akasema, "Sijui ni wangapi. Nitakutajia ninaowakumbuka." Akaanza kuwataja, jina la mtoto na kijiji chake, polepole, akisimama katikati kutafuta jina. Hakuna aliyemzuia. Alipofika kwa Wongani wa Kanyimbi, mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya kujikinga mvua tu, na mzigo wake wa kuni bado kichwani, akasema, "Huyo ni wangu."